Unyayo wa Kulia

Baba aliendesha lori, Dar hadi Tunduma,
miaka ishirini na mitatu ya shaba na saruji,
na hakuniletea pipi za mpakani.
Aliniletea maneno.

Foleni ilikuwa siku nne, mara sita,
madereva wamelala chini ya matrela,
naye anapita na chupa ya chai, anauliza:
"Kwenu, mkimtekenya mtoto, mnasemaje?"
Wengine walidhani amelewa.

Usiku wa Juni, Uyole imeganda,
anarudi ananuka dizeli,
anafunua blanketi upande wa miguu tu,
vidole vyake baridi kama spana.
"Leo nina la Mkongo. Kalichukua kwa Wafaransa: shatuye."
Nami nimeshakunja magoti,
nimeshacheka kabla hajanigusa.

La fundi Mturuki wa barabara: gidi gidi.
La Mhindi wa spea, Sokomatola: gudgudi.
"Sikiliza," alisema baba, "hawa wameibiana."
Mjapani wa chuo cha kilimo aliona haya,
akafunika mdomo, akanong'ona: kochokocho.
Hilo nililipenda kuliko yote,
lina miguu ya kuku juu ya bati.
Sista Mjerumani alisema kitseln
kama mtu anayezuia chafya kanisani.

La bibi silijui.
Alilitamka kwa Kinyakyusa kule Tukuyu,
amenikandamiza mkekani, napiga kelele,
na nani hujifunza neno huku anacheka?
Naitwa Lusekelo. Kicheko kimo ndani ya jina,
kinachokileta sikukiuliza,
na bibi keshaondoka.

Sasa ni Hospitali ya Rufaa, wodi ya wanaume, kitanda cha saba.
Kiharusi kimechukua upande wa kulia
(Kiswahili hiki, upande na machozi vinatumia neno moja),
kikachukua na maneno, ya mipaka yote.
Amebaki na "eee" moja anayoitumia kwa kila kitu.

Daktari Ilomo akatoa ufunguo mfukoni,
wa nyumba tu, una kipande cha plastiki nyekundu,
akauburuta kwenye unyayo, kisigino hadi vidoleni,
polepole, kama anayepiga mstari daftarini.
Kidole gumba kikainuka.

Nikapiga makofi. "Amesikia! Katekenyeka!"
Daktari hakucheka.
Akaandika kitu. Akasema, kwa upole,
kwa mtu mzima kilipaswa kukunjika chini.

Jioni wageni wakatoka. Loleza ikazama katika ukungu.
Nikafunua blanketi upande wa miguu tu.
Vidole vyangu vilikuwa baridi, nikavipumulia kwanza;
yeye hakuwahi.
Gidi gidi, nikasema. Gudgudi. Kochokocho.
Kila mara kidole kikainuka,
kitiifu, kibaya.

Nikajaribu na la bibi, kwa kulitunga,
sauti tu, isiyo na kwao.

"Eee," akasema baba.

Sijui kama ni ile ya maji, au ya mkojo, au ya acha.
Macho yalikuwa bado darini.
Lakini goti la kushoto, lile zima,
ambalo sikuwa nimeligusa,
lilikuwa limeshakunjwa.