Arobaini ya Mpingo

Kipande cha figo, hakizidi punje ya mtama,
nilikikata Kangagani asubuhi alipochinjwa Mpingo,
ng'ombe wa Bi Chumu Hamad, aliyevunjika mguu mtaroni.
Nyama ikaenda kwa majirani, fungu fungu.
Mimi nikapanda pikipiki hadi Chake,
kichupa ndani ya barafu, nimekipakata kama yai.

Tangu hapo nalisha.
Maji mekundu, rangi ya juisi ya rosela,
joto la mwili wa ng'ombe mzima,
na umeme ukikatika
nalikimbilia jenereta sijavaa viatu.

Chupa ikijaa nagawa: moja mbili, mbili nne,
na kila mgawo nauandika kwa wino usiofutika.
Seli za mbuzi wa Konde ziligoma mgawo wa kumi na saba:
zikajitandaza, bapa, kubwa, vivu,
kama chapati iliyosahauliwa mezani.
Hazikufa. Hazikuzaa.
Za kondoo ziliota ukungu; kosa langu, kidole changu.
Dakta Mbarouk alinifunza:
seli huzaliwa na hesabu yake kwapani.

Mpingo naye alitaka kunifia wa thelathini na moja.
Wiki tatu, kimya.
Nilishaishika chupa niimwage,
nikakiona pembeni kishungi
kimekaza, kinang'aa, kama kipele.
"Ngoja," nikasema, na chumbani hamna mtu.

Wa arobaini uliangukia Alhamisi.
Nikampigia Bi Chumu. Akaja na kanga ya kutokea,
akatia jicho kwenye darubini, akakaa sana.
"Ndiye huyu?"
Ndiye.
"Hana pembe."
Hana.
"Na lile teke lake la kumwaga ndoo?"
Nikamweleza: ni figo tu, nayo haijui kuwa mwenyewe kesha liwa.
Humu tutapimia chanjo ya miguu na midomo,
asiuguzwe ng'ombe mwengine kwa majaribio.
"Anakula nini?"
Nikasita.
Maji ya damu ya ndama, yaliyochujwa.

Aliinua uso. Alama ya darubini
imemzunguka jicho kama wanja uliokosewa.
Hakusema kitu mpaka mlangoni, anavaa kandambili:
"Akizaa, niarifu."

Jana tumefika wa hamsini na mbili.
Simu ninayo mkononi.
Nimwambie kazaa nani?