Kioo cha Kushoto

Mwaka mmoja, kasema hakimu wa Buguruni,
na Shomvi akaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa,"
kama mtu aliyeulizwa iwapo ameshiba.

Niliridhika. Sikatai.
Bisibisi aliishika yeye, si umaskini;
wako wengi Vingunguti
waliolala njaa usiku uleule
na kioo changu hawakukigusa.
Hilo nalisema hata leo.

Ila kuna Jumamosi moja
nilikwenda Gerezani kutafuta kioo kingine.
Nikapata cha elfu thelathini, bila risiti,
kimechongwa pembezoni namba ya gari
la mtu nisiyemjua.
Muuzaji akanipa na kipande cha msasa, bure.
Nikasugua mwenyewe, kivulini, taratibu,
mpaka namba ikawa ukungu.

Sasa kila nikiingia Barabara ya Uhuru
natazama kushoto kabla ya kukata kona:
naona bodaboda,
naona mama na ndoo ya maandazi,
na pale penye ukungu,
jicho langu.

Shomvi amebakiza siku mia mbili na kumi.
Mimi bado sijasomewa shitaka.