Mkate Unaitwa Jumanne

Daktari Eteri alichora yai nyuma ya risiti,
akatia nukta upande wa kushoto:
"Uvimbe ni huu. Umekaa jirani na maneno."
Mama akauliza kama atanyolewa nywele zote.
Maswali mengine yalimkwama kooni.

Saa sita, tuliambiwa. Zikawa nane na nusu.
Kaka yangu Gocha alihesabu vigae vya korido
hadi mlango wa lifti, mia moja na kumi na mbili,
akaanza upya
kana kwamba kimoja kingeweza kutoroka.

"Jicho litavimba," walisema. Likavimba, zambarau kama bilinganya.
"Atalala sana." Alilala.
"Atalia bila sababu." Alilia alipoona soksi zake.
Hayo tulikuwa tumeyaandika, tumeyapigia mstari.
Hatukuandika kwamba angenitazama kwa adabu,
adabu ya mtu anayekupisha mlangoni,
na kuniita bibie.

Siku ya tisa, kadi zenye picha.
Paka: "Paka."
Ufunguo: akazungusha hewa kwa vidole viwili.
Mkate,
na huyu ni Vazha, miaka thelathini na minne mbele ya tanuri,
nyusi ameziunguza mara ngapi sijui.
Akautazama. Akatabasamu.
"Jumanne."

Sasa Kutaisi theluji imeyeyuka, Mto Rioni umejaa tope.
Kovu limejikunja nyuma ya sikio kama alama ya kuuliza.
Vidonge asubuhi, vidonge usiku, gari asiguse.
Saa nne tu tayari amechoka,
kama aliyepakua magunia ya unga tangu alfajiri.
Atapona, daktari alisema, lakini si kama kidonda;
ni kama mtu anayehama nyumba:
leo kiti, kesho kijiko,
na sanduku moja huenda lisifike.

Mikono haikuugua. Wiki ya kumi
aliinama juu ya tanuri, akabandika donge
kwenye ukuta wa moto, kwa pigo lile lile.
Mama akageuka, akajifanya anatafuta chumvi.

Mimi bado ni bibie, siku nyingine.

Jana Tsiala wa ng'ambo ya barabara aligonga kidirisha,
akapanga sarafu zake:
"Vazha, nipe Jumanne mbili, za moto."
Baba akacheka hadi akashika kovu.
"Tsiala," akamwambia, "leo ni Alhamisi."
Akamfungia mbili.