Usisikilize na Wakwe

Nilikwenda Santilya kununua viazi.
Mama Tusekile akanifungia gunia, akaongeza vitatu vya juu,
na juu ya nyongeza, kaseti.
"Chukua, mwalimu. Mie nishakata nilichohitaji."

Utepe alikuwa ameutandaza shambani,
mti kwa mti, juu ya ulezi:
upepo ukipita unanguruma, ndege wanakimbia.
Marehemu kaka yake aliacha katoni nzima.
Kwaya zilimalizikia kwenye ngano.
Hii ilikuwa imebaki nusu.

Kwenye karatasi, kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka:
DAKTA GODORO NA PROFESA NDOO. MWANJELWA, 1991.
Na chini, limepigiwa mstari mara mbili:
USISIKILIZE NA WAKWE.

Iyunga, nikafunga mlango.
Nje mvua ile ya Mbeya, isiyo na safari nyingine.
Nikazungusha utepe kwa kalamu,
nikatia betri mpya nne, nikabonyeza.

Kwanza kikohozi. Jogoo. Mtu akasema, "Bado, bado."
Kisha ndoo, ndoo kweli, ya bati,
unasikia hadi mpini ukilialia,
na mdomo ukipiga puf-chi, puf-puf-chi,
na kijana ambaye sauti haijamaliza kuvunjika akaja mbio:

    Nimeshusha kitanda cha chuma toka Makambako,
    fundi kanipa miaka kumi, hakukijua kiuno chako.
    Usiku wa kwanza chaga, wa pili ukang'oka mguu,
    wa tatu jirani kagonga: mnatwanga nini usiku huu?

Nilicheka hadi miwani ikaangukia madaftari ya kidato cha tatu.
Mimi, ninayekata alama kwa neno "kiuno" kwenye insha!
Nikarudisha nyuma. Nikahesabu mizani kwa vidole:
inachechemea kama kitanda chenyewe,
lakini vina, jamani, vina vimekaa.
Miaka ishirini nafundisha vina
kwa mashairi ya kilimo cha kisasa,
na watoto wanasinzia.

Katikati ya ubeti wa dodoki
(huo siuandiki)
mlango unalia.
Ndoo kimya.
Sauti ya mwanamke: "Mnafanya nini humo?"
Na Dakta Godoro, bila hata kuvuta pumzi,
anaangua pambio, taratibu, kwa machozi,
Profesa anaitikia kwa besi,
yule jogoo naye.
Ubeti mzima wa toba.
"Haya," mama anasema, "mkimaliza kusali mkachote maji."
Mlango.
Sekunde tatu.
Puf-chi.

Hapo ndipo nilipowapenda.

    Nikamjibu, jirani, shikamoo, tulicholalia si kinu,
    mwenzangu kapoteza hereni, naitafuta kwenye

Na hapo mkasi ulipita.
Upande wa pili unaanzia katikati ya kicheko,
watu wawili wamecheka hadi wamekauka,
na hujui wanacheka nini.

Usiku kucha nimetafuta. Mbinu? Wenu?
Maneno yanayoishia na "nu" si mengi,
na lile ninalolidhania
mwalimu wa nidhamu halitamki, hata gizani.
Nilitamka.
Halikai.

Jumamosi nikarudi Santilya, sina haja ya viazi.
"Kaka yangu?" Mama Tusekile hakuinua jembe.
"Mzee wa kanisa, tumemzika kwa kwaya tatu.
Yeye alipiga ndoo tu."
Na Godoro?
"Alivuka Tunduma. Mama yao alimfukuza na mwiko."

Nikaingia kwenye ulezi, sikio karibu na utepe.
Upepo ulikuja, ukanguruma, ukakatika,
ukanguruma tena, karibu neno, siyo neno.
Chiriku watano walikuwa wameukalia, wamebanana.

"Huo utepe umenitia hasara," Mama Tusekile alisema.
"Ile ya kwaya waliikimbia.
Huu wanaujia."