Sanduku la Tano

Naandika kwa penseli, kama nilivyofunzwa:
Athmani Bunu, mwigizaji, mtaa wa Langoni, Lamu.

Sanduku la kwanza: mikataba tisa,
jina limekosewa katika minne.
La pili ni picha. Hapa bawabu, hapa mpishi,
hapa kiwiko tu, nyuma ya bega la nyota.
Filamu saba, na katika zote saba anakufa
kabla watazamaji hawajamaliza njugu.

La tatu, mchwa wametangulia kulisoma.
La nne lina kofia ya viua, moja,
na deni la fundi cherehani.

La tano ni kanda. Yuko kwake, anafanya mazoezi:
“Bwana, mgeni amefika.”
Mara kumi na moja.
Mwanamke anamjibu kwa maneno ya bwana,
anakosea, anacheka,
mfuniko wa sufuria unagongagonga,
“Ngoja kwanza, wali unaungua,”
naye anangoja. Kanda inazunguka, anangoja.

Nikaandika: sauti ya kike, haijulikani.

Bintiye, aliyeleta masanduku kwa punda,
akanishika mkono.
“Futa. Huyo ni mamangu, Mwana Shali.
Na humo ndani, yeye ndiye bwana.”