Nilipe Saba

Shangazi Lamara alifanya kazi chini ya ardhi,
kwenye kibanda cha chenji, stesheni ya metro,
ambako Tbilisi nzima ilimpita mbiombio
ikitazama vidole vyake, si uso.
Vidole hivyo vilinuka shaba hadi Jumapili.

Metro kopeki tano. Tramu kopeki tatu.
Basi kila jioni mfuko wa koti lake
ulirudi na tatu na tano, tano na tatu,
na mimi, mwenye miaka saba na pengo la meno mawili,
ndiye niliyezimwaga juu ya kitambaa cha plastiki
chenye madoa ya jemu.

"Nilipe nane," alisema, akimenya vitunguu bila kuinua macho.
Nikampa tatu na tano.
"Tisa." Tatu, tatu, tatu.
"Kumi." Tano mbili, upesi kama makofi.
"Umekwisha kuipata dunia nzima.
Kumi na moja ni nane uliyoiongeza tatu,
kumi na mbili ni tisa uliyoiongeza tatu,
kumi na tatu..." Nikamkatiza, nilishaona:
vidato vitatu tu, halafu unapanda mpaka uchoke,
mia, elfu, bei ya piano, bei ya nyumba yenye roshani.

"Haya. Nilipe saba."

Moja na mbili zilishanikatalia, sikujali.
Nne pia. Hizo ndogo, hazina makuu.
Lakini saba! Saba ilikuwa umri wangu.
Tano, kisha mbili isiyokuwepo.
Tatu mbili, kisha moja isiyokuwepo.
Nikazipanga, nikazipangua, nikazisimamisha kwa ukingo,
moja ikabiringika chini ya jiko;
nikalala na masizi shavuni.
Naye kimya. Aliosha sufuria.

Siku ya tatu, joto la Julai likilainisha lami,
nilisimama mbele ya mkokoteni wa Zhuzhuna:
aiskrimu ya matunda, kikombe cha karatasi,
kijiko cha mti, kopeki saba.
Nilikuwa na tano mbili, zimelowa jasho.
Nikatoa zote. Sikuwaza hesabu, niliwaza cheri.
Zhuzhuna akapekua aproni yake,
akaniwekea kiganjani
tatu.

Nilikimbia. Aiskrimu ikanitiririka hadi kiwiko.
"Saba ipo, shangazi! Unatoa kumi, unarudishiwa tatu!"
Akaketi, viatu vya kazi bado miguuni.
"Miaka kumi na tisa nimo kibandani," alisema,
"kutwa narudisha, narudisha,
na fumbo nimelitega kana kwamba watu hawarudishi."
Akacheka. Kisha hakucheka.

Pesa zile zilikufa. Zikaja nyingine, nazo zikafa.
Mimi nilikwenda Riga kusoma namba.
Alinitumia buti, jemu, nauli ya likizo
ambayo sikuitumia kwa nauli.
Tano, na tano tena.
Nilikuwa na mitihani, halafu mtoto,
halafu mipaka, halafu viza,
halafu barua ya jirani yake, mistari minne.

Sarafu ya Zhuzhuna ninayo, kwenye kopo la vifungo.
Hainunui hata kiberiti.
Usiku mwingine naitoa, naigeuzageuza,
inaacha harufu vidoleni.

Ulitoa kumi, shangazi.
Tatu yako
hii hapa.