Figo na Samaki

Mwaka juzi nilimpa dada yangu figo.
Pasaka hii nikampa samaki.

Trauti wa hapa Kuopio, kilo moja na robo.
Nilimlaza siku mbili katika chumvi na sukari
kama baba alivyokuwa akifanya;
samaki wa namna hii haonji moto.
Tulikula. Akabaki.
Nikamfunga kwa karatasi: Aune, utamaliza polepole,
friji yako nzuri.

Friji nzuri! Siku kumi na moja,
rafu ya pili, jirani na siagi,
baridi ileile iliyolinda maziwa na mayai
ilikuwa ikikilea kijidudu,
kikizaana taratibu, bila harufu, bila ute.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Chetu kilikuwa sahanini,
tukakila kwanza.

Mimi sikuumwa hata jino.
Lakini Aune kila asubuhi humeza vidonge
vya kuwalaza askari wa mwili
wasije wakamfukuza mgeni,
yaani mimi.
Mlango ulioachwa wazi kwa ajili yangu
ndimo kilimoingilia.

Homa. Shingo ngumu kama gogo.
Akamwita paka kwa jina la mama.

Dripu ya kwanza ilikuwa dawa wapewayo wengi.
Kijidudu hakikushtuka.
Kesho yake, kabla hakujakucha, maabara wakapiga simu:
listeria.
Daktari Räsänen, wino kwenye kiganja,
akaandika ampisilini, kila saa nne, wiki tatu.
“Iko na ya pili,” akasema, “huenda nayo bega kwa bega,
ila hukwangua figo.”
Akanitazama ubavuni,
kama anayeniomba ruhusa.
Nikasema, si langu tena.

Akaiacha ile ya pili. Tukangoja na moja.

Saa nane za usiku, saa kumi, saa kumi na mbili,
sijui tena ipi nililala,
muuguzi akibadilisha chupa kwa tochi ndogo,
na mimi nikinusa vidole vyangu
kama vina chumvi bado.

Siku ya tisa akafungua macho.
“Tauno,” akasema, “yule samaki
ulimzidishia sukari.”

Nilikwenda kwake nikaosha friji kwa maji ya moto,
rafu kwa rafu, hadi mpira wa mlango.

Juzi nimempikia mwingine,
nikamwacha jikoni mpaka akawa mweupe, mkavu.
“Kama gazeti,” akasema Aune,
akala, akalamba mfupa.